Mawe Tuliyoyaloweka Masika Yote

Jumamosi, 8 Machi 2025

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya Baba kazini. Amefanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Thika. Kazi yake ilikuwa kukagua kitambaa. Kitambaa hupita juu ya meza yenye taa chini yake, naye hutafuta tundu, uzi uliokatika au doa la mafuta. Mwezi wa Januari robota mbili za kitambaa alizozipitisha zilirudishwa. Zilikuwa na matundu ambayo hata mimi ningeyaona.

Ndipo akaenda kupimwa. Daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba imekuwepo muda mrefu bila kumuuma. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki na nafasi ndogo katikati, kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ni ya kujaribu kulinda kilichobaki, na daktari hakutaka kusema kitadumu mpaka lini.

Leo Zacharia, rafiki yake wa kazini, alikuja hapa kwetu Kimbo na pikapu. Nyuma alikuwa amebeba tangi la kioo la kufugia samaki, pampu yake, taa yake, na samaki watano ndani ya ndoo. Kwenye mapokezi ya kiwanda kuna tangi kama hilo, na kila alipopeleka ripoti Baba alikuwa akisimama hapo mpaka wasichana wa mapokezi wakawa wanamcheka. Kwa hiyo wenzake walimtafutia lake mwenyewe la kumuaga.

"Sasa, mkaguzi!" Zacharia alisema kabla hajashuka vizuri. "Tumekuletea kitu cha kukagua. Hawa wakikosea usiwaandikie ripoti."

"Ni wangapi?"

"Watano. Na usiwakaange, tutakuja kuhesabu."

Wanne ni wa manjano na mmoja ni wa buluu, mkubwa kuliko wote. Zacharia alipoondoka Baba alivuta kiti karibu na kioo mpaka pua ikakigusa. Nilikuwa nyuma yake nikipanga viatu. Nadhani hakujua nipo.

"Nataka niwatazame mpaka nishibe," alisema.


Jumatatu, 10 Machi

Shule. Joto. Mvua haijafika.


Jumatano, 12 Machi

Samaki wa buluu anawapiga wengine. Anamfukuza hasa yule mdogo wa manjano, na mkia wake umeanza kuchanika. Nilimuuliza Mwalimu Warigia, anayetufundisha Sayansi. Alisema samaki wa aina hiyo huishi kwenye miamba ya ziwa, kila mmoja na pango lake. Tangi letu ni tupu, kwa hiyo aliyeshindwa hana pa kuingia.

Nikasema nitaokota mawe. Akaniuliza tangi limewekwa juu ya nini. Nikamwambia juu ya meza ya cherehani ya zamani ya Mama. Akasema mawe mazito yaliyopangwa yanaweza kuporomoka samaki wakichimba mchanga chini yake, na yakiporomoka ni kioo kitakachopasuka. Kuna njia nyingine. Unachonga ile foam nyeupe ngumu inayopakiwa na televisheni, unaipaka simiti nyembamba mara kadhaa ifanane na mwamba, kisha unaigundisha kwenye kioo cha nyuma. Ni nyepesi, haianguki.

"Lakini simiti mbichi ni sumu kwa samaki," alisema. "Lazima uiloweke wiki nyingi na ubadilishe maji. Wewe una subira?"

Nilisema ninayo. Nilisema haraka mno, naona sasa.


Jumamosi, 15 Machi

Zacharia alileta foam tatu kubwa. Tulichonga nje, mimi, Baba na kisu cha mboga. Nilidhani nitachonga mimi naye atatazama. Haikuwa hivyo. Alifumba macho kabisa, akapitisha vidole, akachonga polepole. Nilimuuliza kwa nini anafumba.

"Nikiyafungua yananidanganya," alisema. "Yananionyesha kipande kidogo halafu yanasema ndiyo yote."

Tulitengeneza mapango saba. Samaki ni watano, lakini Baba alisema nyumba zikilingana na watu, mbabe atazichukua mbili na mtu atalala nje.

Anti Ndila amefika kutoka Matuu kutusaidia, kwa sababu Mama anafanya shifti Thika na mimi niko shuleni. Ni dada mkubwa wa Baba. Anaongea kwa sauti ya juu kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Asi! Wazee wazima mnachezea makaratasi ya televisheni!" alisema alipotuona. "Baba Kalondu, hii ndiyo kazi umeachia kiwanda?"

Baba alicheka. Mimi, Kalondu mwenyewe, sikucheka.


Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Anti Ndila alifagia hata vumbi la foam nililokuwa nimeweka kando. Pia amehamisha kiti cha Baba. Baba alikwenda kukaa akakosa.


Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza. Ilinyesha kutoka saa kumi mpaka saa mbili, na barabara ya kwetu imekuwa tope.

Tumepaka simiti ya kwanza. Nimefuata kila kitu Mwalimu Warigia alichosema: iwe nyepesi kama uji, iingie kwenye kila mkunjo, isikauke haraka ikapasuka. Tuliifunika na gunia lenye unyevu. Mvua inatusaidia, hewa yote ni maji.


Jumanne, 25 Machi

Koti la tatu la simiti. Tumechanganya na unga kidogo wa rangi nyeusi. Sasa ukuta wetu wa mapango ni mwamba kabisa. Mama alipotoka kazini aligonga kwa kidole akashangaa unalia kama foam.

Baba aliukagua kwa viganja, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka kushoto kwenda kulia, jinsi alivyokuwa akikagua kitambaa. Alipata ncha kali nne, nikazisugua na msasa. Kisha mkono wake ukasimama mahali pamoja.

"Hapa, weka kidole."

Niliweka. Ulikuwa ufa unaoanza mpana na kuishia mwembamba.

"Samaki akifukuzwa ataingia hapa kwa nguvu, na hatajua kurudi nyuma. Ziba."

Nilikuwa nimeutazama ukuta ule wiki nzima na sikuuona.


Ijumaa, 28 Machi

Tumeanza kuloweka. Ukuta tumeulaza ndani ya pipa la buluu lililopasuliwa kwa urefu, nyuma ya nyumba, na mawe mawili juu yake kwa sababu unaelea. Mwalimu Warigia amenipa karatasi za kupimia. Unachovya, rangi inabadilika, unailinganisha na namba. Maji ya samaki wetu ni nane. Maji ya pipa leo ni kumi na mbili. Mwalimu alisema hayo yangewaunguza samaki matamvua wanayopumulia ndani ya saa moja.

Namba ya pipa inatakiwa kufika nane na kubaki hapo.

Ili mtu asiguse, nimeandika kwa kalamu nene kwenye kadibodi: USIGUSE. USIMWAGE. SIMITI INALOWEKWA. Nimeifunga na nailoni juu ya pipa.


Jumamosi, 5 Aprili

Shule zilifungwa jana. Namba ni kumi na moja. Ninabadilisha maji asubuhi na jioni, maji ya mvua kutoka kwenye mfereji wa paa.

Samaki mdogo ameanza kujificha nyuma ya pampu. Baba anamtafuta kila jioni mpaka ampate. Inamchukua muda mrefu kidogo kuliko zamani.


Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kumi na moja bado.


Jumatatu, 14 Aprili

Kumi na nusu. Tulikwenda dukani Kimbo kununua silikoni ya kugundishia. Muuzaji alinipa ya bafuni. Nikasoma maandishi ya nyuma, nikakuta ina dawa ya kuua ukungu.

"Hii siwezi kuchukua. Itaua samaki."

"Ai, kwani samaki wako wanaota ukungu?"

"Hawaoti. Ndiyo maana hawahitaji dawa."

"Kiilu, huyu msichana wako ni daktari ama ni wakili?" alimuuliza Baba.

"Ni mkaguzi," Baba alisema. Nilitembea vizuri mpaka nyumbani, hata kwenye tope.

Tulipata ile isiyo na dawa Thika siku hiyo hiyo. Mama aliinunua akitoka shifti.


Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Tisa na nusu.


Jumapili, 27 Aprili

Namba ni tisa kamili! Shule inafunguliwa kesho. Mwalimu alikuwa amesema tukifika tisa imebaki wiki moja hivi. Nimehesabu: Jumamosi ya tarehe tatu Mei tutagundisha. Baba alisema sawa. Aliniuliza ukuta una rangi gani sasa, nikamwambia umeota kijani kibichi chembamba, utelezi kama wa mawe ya mtoni. Alifurahi. Alisema hata samaki watadhani wamerudi ziwani.


Jumanne, 29 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nimelia mpaka kichwa kinauma, lakini nataka kuandika kama mambo yalivyokuwa.

Leo saa kumi akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja nyumbani kumwombea Baba. Wanapokuja watu wa maombi, nyumba husafishwa kuanzia jana yake, hata sufuria ambazo hakuna atakayeziona. Anti Ndila alianza asubuhi. Alipiga deki, akafua mapazia, akaosha ukuta wa jikoni. Halafu akaenda nyuma ya nyumba, akakuta pipa limejaa maji, na ndani yake kitu kimeota kijani. Wageni hupita hapo wakienda chooni.

Alimwaga maji. Akatoa ukuta wetu. Akausugua kwa brashi ya nguo na sabuni ya unga, na ulipokataa kutakata akamimina dawa ya kung'arishia mashuka meupe, akauacha ndani yake kwa muda wa saa tatu ili ung'ae. Kisha akauanika juani, umesimama vizuri, mweupe.

Niliuona nikiingia getini. Nilidhani ni kitu kingine.

"Kalondu! Njoo uone!" aliniita. "Mawe yenu yalikuwa yameoza. Angalia sasa. Kama kanisa!"

Nilichovya karatasi kwenye maji yaliyobaki ndani ya pipa, ingawa nilijua. Harufu peke yake ilitosha. Simiti ina vitundu vidogo kila mahali, inakunywa kila kitu. Ilikuwa imekunywa sabuni kwa saa tatu.

Nikapiga kelele. Akina mama wa kanisa walikuwa tayari sebuleni na nyimbo zilikuwa zimeanza, na mimi nilipiga kelele. Nilisema, "Nimeandika! Nimeandika kwa herufi kubwa! Kwani huoni? Si ni wewe una macho?"

Wimbo ulikatika. Anti Ndila alisimama na brashi mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu afike hakuongea kwa sauti ya juu.

"Sikujua inasema nini," alisema. "Nilidhani ni kadibodi tu."

Baba alitoka nje akishika ukuta wa nyumba. Aliniita jina langu lote, Janice Kalondu, jambo ambalo huwa halifanyi. Aliniambia niingie ndani, niwasalimu wageni kwa mkono mmoja mmoja, halafu nirudi nimwombe shangazi yangu msamaha.

Nilifanya hivyo. Msamaha niliutamka kwa mdomo tu.

Anti Ndila hakwenda shule. Aliyepelekwa ni Baba. Nimeishi na Anti wiki sita, nikamwona akinipa simu nimsomee ujumbe kila mara, akisema miwani yake iko Matuu. Sijawahi kujiuliza. Niliandika kadibodi vizuri sana na sikumwambia kwa mdomo, neno moja.


Jumatano, 30 Aprili

Mwalimu Warigia alisema tusitupe. Tuloweke upya, tubadilishe maji kila siku, na tupime mambo mawili: namba ya karatasi, na povu. Unachukua maji ya pipa kwenye chupa, unatikisa. Yakitoa povu, bado kuna sabuni ndani. Nikamuuliza itachukua muda gani.

"Wiki tatu. Labda nne. Kwani kuna haraka?"

Nilisema hakuna.


Jumatano, 7 Mei

Mama na Baba walikwenda kliniki. Mama alirudi akaenda moja kwa moja kukata mboga ya sukuma. Nikamfuata. Alikata mpaka majani yakawa kama uzi.

"Presha imepanda hata na matone," alisema. "Wamebadilisha dawa. Daktari amesema, kama kuna kitu anapenda kuona, aone."

"Aone lini?"

"Ukimuuliza daktari 'lini' anaangalia karatasi zake."

Chupa leo: povu mpaka juu.


Ijumaa, 9 Mei

Povu.


Jumatatu, 12 Mei

Nimegundua jambo. Niliamka mapema kubadilisha maji nikakuta yamebadilishwa. Nikadhani ni Baba. Saa kumi na mbili na nusu nilimwona Anti Ndila akitoka nyuma ya nyumba na ndoo mbili, nguo zimelowa mpaka magotini. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Unabadilisha mara ngapi?" nilimuuliza.

"Asubuhi, saa sita, saa tisa, na jioni. Mvua ikija usiku ninaacha wazi imwagike yenyewe."

"Anti, mimi nilikuwa nabadilisha mara mbili tu."

"Wewe una shule," alisema. "Mimi nina ndoo."

Kisha akatoa chupa kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa ameona nikitikisa, naye ametafuta yake. Aliitikisa mbele yangu. Povu lilikuwa kama pete nyembamba, si kama zamani. "Hii ndiyo nasoma," alisema, na nilipomtazama niliona anatania, lakini pia hatanii.

Leo nilimwomba msamaha tena, huu wa kweli. Alisema, "Aiya, mwana wakwa, mwanangu, mambo ya zamani hayo," na akanituma nikalete chumvi.


Jumamosi, 17 Mei

Namba ni tisa. Povu ni kidogo sana.

Mama aliniita kando. Alisema niweke ukuta kesho, bila kungoja silikoni ikauke. Alisema samaki wanapatikana, Zacharia anaweza kuleta wengine watano hata kumi, lakini macho ya Baba hayaletwi na Zacharia. Alisema, "Hata kama ni kwa siku mbili. Aone siku mbili."

Nilifikiri mchana wote. Nilifikiria samaki mdogo ambaye mkia wake umeanza kupona kwa sababu nimemtenga na wavu. Nilifikiria matamvua yakiungua. Halafu nilimfikiria Baba na pua yake kwenye kioo. Nikaamua kwamba kitu kimoja tu kinaweza kuniamulia. Nilikwenda kumuuliza mwenyewe.

"Baba, niambie ukweli. Unaona kiasi gani sasa?"

Alikuwa kwenye kiti chake karibu na tangi.

"Kama zamani. Bomba ni lile lile."

"Mama anasema tuweke ukuta kesho."

"Umefika nane?"

"Tisa. Na kuna povu kidogo."

"Basi haujafika. Mimi ninaona, Kalondu. Kalenda ile pale imeandikwa Mei, leo ni Jumamosi tarehe kumi na saba, na chini kuna picha ya ng'ombe. Nitaona hata mwezi ujao. Usipitishe kitu ambacho hakijawa tayari kwa sababu ya mtu aliye nyuma yako na saa mkononi."

Nilimwamini. Nilikwenda nikamwambia Mama tunangoja. Nilikuwa na furaha kubwa sana. Niliruka hata dimbwi la mlangoni.


Jumanne, 20 Mei

Nane na nusu. Chupa haina povu. Anti Ndila aliitikisa mpaka mkono ukachoka.


Jumamosi, 24 Mei

NANE. Jana nane, leo nane.

Tulihamisha samaki kwenye nusu ya pili ya lile pipa pamoja na pampu. Tukakausha kioo. Nikapaka silikoni kwenye mgongo wote wa ukuta, hasa pembeni, kusiwe na nafasi ya samaki kupenya nyuma akakwama. Mama alishika upande mmoja, Anti upande mwingine, Zacharia akatoa amri ambazo hakuna aliyezifuata.

"Kushoto! Kushoto yangu, si yako!"

"Nyamaza, wewe ni mgeni," Anti Ndila alimwambia.

Baba aliingiza mkono ndani ya tangi mpaka begani akapitisha kiganja kote. Akasema, "Imepita." Ni neno alilokuwa akiandika kwenye kitambaa kizuri. Sasa silikoni ikauke wiki nzima.


Jumamosi, 31 Mei

Tumejaza maji. Mvua imepungua, tulilazimika kutumia ya bomba yaliyokaa ndooni siku mbili. Nitapima kila siku kwa wiki moja. Baba aliuliza kama mapango yote yameingia maji bila hewa kubaki. Nilimwambia aangalie mwenyewe, nikicheka. Akasema atatazama samaki wakiingia, hapo ndipo kuna raha.


Jumatano, 4 Juni

Nane.


Jumamosi, 7 Juni

Leo saa kumi na moja jioni tuliwaweka samaki.

Niliwazoesha polepole, kama nilivyofundishwa, kwanza maji ya tangi kidogo ndani ya ndoo niliyowahamishia kutoka kwenye pipa, tena kidogo, tena kidogo, wasishtuke. Kisha wavu. Samaki wa buluu alitangulia. Mdogo alikuwa wa mwisho. Wote watano walisimama katikati ya maji kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha wakaona mawe, na wote wakaingia. Hakuna aliyempiga mwenziwe. Kila mmoja alichukua pango, na tangi likabaki mawe na maji.

Nikawasha taa. Nilimwita Baba. Mama alimletea kiti, Anti Ndila akafuta mikono. Baba aliketi, akaweka pua kwenye kioo kama siku ya kwanza.

"Wanapendeza," alisema. "Ninawaona. Yule wa buluu ametulia sasa, eeh? Na mdogo anaogelea vizuri. Umefanya kazi nzuri, Kalondu."

Nilitazama tangi. Hapakuwa na samaki hata mmoja.

Mama alijishika mdomo. Anti Ndila alinitazama akatikisa kichwa, kwamba niache. Ilikuwa rahisi kuacha. Ningesema "Asante, Baba," na jioni ingekwisha, na angedhani amenifurahisha. Lakini nilifikiri, kesho atasema tena anawaona. Na keshokutwa. Atakaa mbele ya kioo kila siku peke yake akituambia habari za kutunga, nasi tutaitikia.

"Baba," nilisema, "hakuna samaki hapo. Wote wameingia ndani ya mawe."

Hakuondoa pua kwenye kioo. Pumzi yake ilifanya ukungu, ukapotea, ukaja tena.

"Wote?"

"Wote."

"Mimi naona mwanga tu," alisema. "Naona kwamba taa imewaka."

"Tangu lini?"

"Wiki ile uliponiuliza, kulikuwa kumebaki kidogo. Kama tundu la sindano. Liliziba siku tatu baadaye."

"Lakini ulisoma kalenda!"

"Nilijua tarehe, Kalondu. Mtu yeyote anajua tarehe."

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia Baba hivyo. Nilimwambia kama angesema ukweli ningeweka ukuta kesho yake, hata kama samaki wote wangekufa, angalau angewaona.

"Najua," alisema. "Ndiyo sababu sikusema."

Kisha akasema jambo ambalo hata Mama hakulijua. Zile robota mbili za Januari, alizipitisha akijua macho hayako sawa. Alikuwa ameanza kuchelewa mezani, watu walio nyuma yake wanangoja, akaona haya kuomba msaada, akaandika "imepita" juu ya kitu ambacho hakukiona. Kitambaa kile kilikuwa cha sare za shule. Alisema amelala na matundu yale tangu Januari. Hakutaka mimi nilale na samaki watano.

Anti Ndila alikuwa analia bila sauti. Mama alimwekea Baba mkono begani.

Nami nilikaa chini sakafuni, karibu na kiti chake. Nilisema tu, "Mmoja ametoa kichwa."

"Nani?"

"Mdogo. Pango la chini, upande wa dirisha."

"Lile lenye mdomo mpana?"

"Ndiyo, hilo."

"Amechagua vizuri," alisema Baba. "Lile lina mlango wa nyuma." Na ni kweli, linao. Aliuchonga yeye, nami nilikuwa nimeusahau.


Jumapili, 8 Juni

Sikwenda shule ya Jumapili. Nililala.


Jumanne, 10 Juni

Mwalimu Warigia aliniuliza kama samaki wako hai. Nilisema wote watano. Aliniuliza Baba ameufurahia ukuta. Nilisema hakuuona. Alinishika mkono, na nilimshukuru kwa hilo.

Anti Ndila ameniomba nimfundishe herufi. Tumeanza na U, ile ya USIGUSE. Anaishika kalamu kama brashi.


Jumamosi, 14 Juni

Mvua imekwisha kabisa. Pipa limekauka, Mama anataka kupanda sukuma ndani yake.

Sasa kuna utaratibu. Saa moja jioni nawasha taa, Baba anaketi, anauliza nani yuko nje. Namwambia. Siongezi kitu na sipunguzi. Wakati mwingine ni watatu na nina mengi ya kusema, nani amemfuata nani na nani amemkimbia nani, naye ananikatiza, anataka kujua ni pango gani, waligeukia wapi.

Leo aliniuliza. Nilitazama muda mrefu, kutoka juu kwenda chini, kisha kushoto kwenda kulia, kabla ya kujibu.

"Hakuna bado, Baba."

"Sawa," alisema, akasogeza kiti kunipa nafasi. "Tungoje."